Siku Sadaka Ilipokataa Kushuka Mgongoni Mwangu

Nimechoka kuisikia habari hii mu vinywa vya watu. Ku soko wanaisema na kuiongezea, ku robine ya maji wanaisema na kuiongezea, na juzi nilipita nyuma ya wanawake wawili ambao siku ile hawakuwa hata kanisani, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake eti Koko Esta (ndiye minye, koko ni nyanya) alilala na gunia mgongoni mpaka asubuhi. Uongo mtupu. Haikufika hata saa sita ya mchana. Basi leo naiandika minye mwenyewe vile ilikuwa (maandishi ni mabaya, lakini ni yangu), na aibu ni yangu pia, na mwenye kucheka acheke mara moja, amalize, tuachane na hii maneno.

Shule sikukaa. Nilitoka darasa ya tatu, juu baba aliona jembe linafundisha haraka zaidi. Lakini mikono haikuacha kujifunza, na kama mu Runingu hii umebeba kitu mgongoni, basi mukaba wako umepita mikononi mwangu. Ninashona mikaba ya kubebea. Huku kwetu mwanamke habebi mzigo mkubwa kichwani. Mzigo unakaa mgongoni, mukaba unauzunguka kwa chini, unapanda mpaka ku paji la uso, na weye unainama mbele, kichwa ndicho kinashika, shingo ndiyo inateseka. Ndivyo mama yangu alibeba, ndivyo nilibeba minye, mihogo, kuni, hata mawe ya kujengea kanisa lenyewe, na leo ukiniona napita utadhani natafuta sindano chini. Sitafuti kitu. Ni shingo.

Sasa mukamwana wangu Feza, bibi ya mtoto wangu wa pili, alianza kuamka asubuhi anageuka mwili muzima juu kichwa peke yake hakigeuki. Tukampandisha ku hospitali. Muganga akamshikashika shingo, akauliza, "Weye uko na miaka ngapi?" Feza akasema thelathini na moja. Muganga akasema, "Shingo hii iko na sitini." Minye nilikuwa nimekaa pembeni, na njia yote ya kurudi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba mukaba wa Feza niliushona minye.

Nikakata shauri. Mzigo utoke ku kichwa, uende ku mabega na kifua. Nikashona mikanda miwili ya mabega kama ya mfuko wa mwanafunzi, na mwingine wa kukatisha kifuani ili mzigo usicheze. Shida ikawa pale kifuani, unafunga na nini? Fundo la kamba likilowa jasho halifunguki, likikauka linateleza. Nikajaribu bukle za plastiki nilizokata ku mifuko ya shule iliyokufa (bukle ni ile kitu ya kufungia mukaba, wenye Kiswahili cha vitabu wanaiita bizimu). Ya kwanza ilipasuka mbele ya duka la dawa, viazi vikatawanyika barabarani, mwenye pikipiki akanitukana kwa Kifaransa. Basi nikapanda pikipiki minye pia, mpaka Luvungi, kwa Kashindi, fundi anayechomelea milango ya chuma.

"Kashindi, nataka bukle ya chuma. Mzigo ukivuta, yenyewe inazidi kubana."

"Koko, uko unafunga ng'ombe?"

"Niko nafunga wamama. Tengeneza."

Akatengeneza. Kadirisha kadogo ka chuma, na katikati kachuma kengine kanakoteleza. Unapitisha mukaba chini, unaurudisha juu, mzigo ukivuta kachuma kanauma mukaba. Kufungua, unakasukuma kachuma nyuma na kidole gumba, basi. Kashindi akavuta na mikono miwili, mguu mmoja ku meza, akatikisa kichwa.

"Hii ikishauma, Koko, haiachi."

"Ndiyo niliyotaka," nikamwambia. (Ona muntu mwenye akili anavyojibu.)

Nyumbani nikaijaribu siku mbili. Nilitundika gunia la mihogo ku boriti ya jikoni, nikafunga bukle, nikaenda kwa kazi zangu, nikarudi, gunia liko palepale, halikushuka hata upana wa kidole. Kuku walikuwa wanapita chini yake bila wasiwasi. Siku ya pili nikalifungua: nikasukuma kinu chini ya gunia, likakaa juu yake, ili lisiniangukie ku miguu, nikagusa kachuma, paf, ikafunguka. Nikacheka peke yangu kama msichana. Kile kinu ndicho kilinidanganya, lakini hiyo nilikuja kuielewa baadaye, mbele ya watu.

Nikarudi kwa Kashindi kuchukua bukle zingine, nikashona mikaba kumi na miwili, juu wamama wanaobeba pamoja, Feza akiwamo, wako kumi na wawili. Kila mmoja akajaribu wake ku njia ya shamba, kila mmoja akarudi anashukuru, shingo zimepumua. Na kufungua ilikuwa rahisi: njia zetu ziko na kingo za udongo za urefu wa kiuno, unageuza mgongo, unaegemeza mzigo pale juu, unagusa kachuma, umetoka. Hakuna hata mmoja aliyesema bukle inakataa.

Feza peke yake ndiye aliuliza. Mashamba yetu mengi iko ng'ambo ya mto. Kukiwa kukavu unavuka bila kuinua nguo, lakini mvua ikinyesha kule juu ku milima ya Lemera, hapa chini jua linawaka na mto unakuja mwekundu bila kukuambia. Kwa mukaba wa zamani kila mwanamke anajua la kufanya: ukiteleza unatupa kichwa nyuma, mukaba unatoka ku paji la uso, mzigo unaenda na maji na weye unabaki. Tumepoteza mihogo mingi namna hiyo. Watu hatukupoteza.

"Mama," Feza akaniambia, tuko tunamenya mihogo, anasema taratibu kama kawaida yake, "na mu maji hii inatoka namna gani?"

"Inatoka vile inatoka ku njia."

"Lakini nikianguka mu maji na gunia linavuta..."

"Hujavaa hata wiki moja na umeshaanguka? Mukaba wa zamani ndio ulikupa shingo ya sitini. Vaa."

Mukamwana atafanya nini mbele ya mama mukwe anayesema hivyo? Akamenya mihogo yake. Wakati ule wote walikuwa wanavuna upande wa huku, hakuna aliyekuwa amevuka mto na mikaba yangu. Kuvuka walikupanga kisha ya sikukuu ya mavuno, kesho yake asubuhi, wote pamoja, na Feza mbele.

Basi sikukuu. Mu kanisa letu siku ya mavuno kila muntu anapeleka mbele kitu cha shamba lake, mu mstari, kwa ngoma na nyimbo. Wazee wa umri wangu wanapeleka kitu kidogo, sahani ya maharagi, mayai, kuku wa kufungwa miguu. Hakuna aliyeniomba gunia. Lakini asubuhi ile, niko nasugua bukle na majivu ili ing'are, nikasema mu roho: nikipita na gunia zima, wima, bila mukaba ku paji la uso, kanisa lote litaona. Ni hapo tu. Ningebeba kuku, leo nisingekuwa naandika.

Na kuko kitu kingine lazima nikiseme hata kama kinaniuma. Kwetu sadaka ya mavuno unaitua mwenyewe. Unapiga magoti mbele ya meza, unaiweka chini kwa nguvu zako, hakuna kusaidiwa. Desturi hii niliikuta, lakini mwenye kuikazia nilikuwa minye. Mwaka uliopita Mama Sifa, mwenye miguu ya kuvimba, alishikwa mkono na shemasi wakati wa kuweka ndizi zake, na minye nikamwambia mbele ya wamama wote kwamba zile ndizi sasa ni za shemasi. Ndiyo. Nilisema hivyo.

Feza akanipandisha gunia ku baraza, likiwa limekaa juu ya ukuta, nikafunga bukle, tak, nikatoka. Mpaka kanisani hakuna shida. Nikaingia mu mstari, na niseme ukweli, sikuwa nimetembea wima namna ile tangu nizae mtoto wa kwanza. Wamama wakapiga vigelegele, korali ikaongeza sauti, jua likaingia kwa dirisha likagonga bukle yangu. Nikafika mbele. Nikapiga magoti ku simenti. Nikapeleka kidole gumba ku kachuma.

Kachuma hakakutikisika.

Nikasukuma tena. Nikasukuma na vidole gumba viwili. Gunia lilikuwa linaning'inia nyuma, linavuta, na kadiri lilivyovuta ndivyo bukle ilivyouma, kila kitu vile nilimuagiza Kashindi. Nikainama mbele, gunia likapanda ku kisogo. Nikaegama nyuma, mukaba ukanikata pumzi. Korali ikamaliza wimbo, ikaniangalia, ikauanza upya. Ikaumaliza. Ikatafuta mwingine. Nyuma yangu mstari umesimama, kuku wanalalamika, mwenye beseni ya karanga ananiuliza mu sikio, "Koko, uko unaomba ama uko unakufa?"

Pasta akainama kidogo toka pale mimbarini.

"Mama Esta, toa kwa moyo wa furaha."

"Natoa, Pasta," nikasema, jasho linadondoka ku simenti. "Yenyewe ndiyo haitoki."

Shemasi mmoja akainuka kunisaidia. Kabla hajafika, sauti ikatoka upande wa wamama, na sikuhitaji kugeuka ili nijue ni ya nani.

"Muache! Shemasi, kaa! Sadaka haisaidiwi, ama sheria imebadilika na sisi hatukuambiwa?"

Mama Sifa. Mwaka muzima alikuwa anaitunza ile. Kanisa likaguna, kisha likaanza kucheka chini kwa chini, shemasi akasimama katikati hajui aende ama arudi, mpaka Pasta akamuonyesha na mkono aje. Akaja na mwenzake. Sasa hawa ni wanaume, hawajabeba kitu mgongoni tangu wazaliwe, wakashika gunia wakalivuta kuelekea kwao kama muntu anamvua mtoto shati. Mukaba ukaniuma kifuani mpaka nikatoa sauti ambayo sitaiandika.

"Msivute!"

"Tukate mukaba. Nani iko na kisu?"

Nani anakuja ku ibada na kisu? Wakaulizana, wakatazamana, mmoja akatoa ufunguo wa pikipiki. Hapo nikaona kwamba nikibaki pale nitafia mbele ya meza ya Bwana na ufunguo wa pikipiki kifuani. Nje, ku barabara, kuko ukingo wa udongo kama ile ya ku njia za shamba. Nikasimama. Nikageuka. Nikaanza kutoka, sadaka ya Mungu iko mgongoni mwangu, katikati ya watu wote, na ngoma bado inapiga kwa furaha, juu mpiga ngoma alikuwa amefunga macho.

"Anairudisha!" muntu akasema.

"Mungu ameikataa," Mama Sifa akajibu, na hakushusha sauti. "Ameipima, ameona ni nyepesi."

Kicheko kikaanza upande wa wanaume kikavuka upande wa wamama, kama mvua inavyofika ku mabati. Pasta alificha mdomo wake nyuma ya Biblia. Nilimuona.

Ku ukingo sikufika. Nje ya mlango nikainama tu pale, mikono ku mapaja, natafuta pumzi. Feza akaja mbio. Akapiga magoti nyuma yangu, akaingiza mabega chini ya gunia na akainuka nalo, na shingo yake ile, nikasikia anavuta hewa kwa meno.

"Sasa, Mama."

Nikagusa kachuma. Kakafunguka kama hakakuwahi kufungwa.

Tukakaa chini ku udongo, gunia katikati yetu. Nilikuwa namngoja acheke, ningemkemea akicheka, na kumkemea kungenisaidia. Hakucheka. Akapangusa mikono ku kikwembe chake cha kiunoni.

"Mama, hapa nimeinua minye," akasema. "Mu maji nani atainua?"

Ndipo nikakiona kile kinu. Jikoni, kinu kiliinua gunia. Ku njia, kingo za udongo ziliinua gunia. Hakuna hata siku moja bukle ile ilifunguliwa mzigo ukiwa unavuta. Nilikuwa nimejaribu kushika, siku mbili nzima, na kuku ni mashahidi. Kuachia sikujaribu hata mara moja. Na mukamwana wangu aliniuliza swali hilohilo, kwa adabu, akimenya mihogo, minye nikamrudishia maneno ya shingo yake.

Wanawake kumi na wawili. Kesho asubuhi.

Nikainuka nikarudi ndani. Ndiyo, ndani kulekule. Waliponiona wakaanza kucheka upya, nikapita katikati ya kicheko mpaka mbele, nikainua mukaba mtupu juu ili bukle ionekane.

"Wamama wote niliowashonea mukaba huu, msiuvae. Msiingie nao mu mto. Mzigo ukivuta haufunguki, mumeona wenyewe. Fundi alifanya nilichomwambia. Kosa ni langu."

Kanisa likanyamaza. Heri wangeendelea kucheka.

Mama Sifa akasimama, polepole, miguu yake inamuuma. "Koko Esta, mukamwana wako hakukuuliza juu ya maji? Ku robine alitueleza ana wasiwasi."

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu vibaya."

Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yangu. Gunia lilikuwa mchezo. Pale mbele, na umri huu, minye niliyemfundisha kila bibi-arusi wa kanisa lile namna ya kuheshimu mama mukwe, nikasema vile mbele ya mukamwana mwenyewe, amesimama mlangoni, vumbi ku magoti.

"Wenye mikaba wanyooshe mikono," nikasema. Wakanyoosha. Nikahesabu kumi. Na Feza, kumi na mmoja. Nikahesabu tena.

"Mama Rehema," Feza akasema toka mlangoni.

Na sote tukaelewa pamoja. Mama Rehema hasali na sisi. Yeye anasali Jumamosi, na Jumapili, siku yetu ya Mungu, wakati sisi tunaimba, yeye iko ng'ambo ya mto anachimba mihogo yake kwa utulivu, hangoji kesho yetu.

Nilikimbia. Sisemi kwamba miguu yangu ilifanya kitu cha kuitwa mbio, lakini mu roho nilikimbia, na nyuma yangu likaja kanisa zima, mashemasi, wamama, korali na majoho yao meupe, Pasta na Biblia. Jua lilikuwa linachoma. Kule ku milima kulikuwa kweusi tii. Tukafika ku mto, mto mwekundu, umepanda, unabeba majani na matawi, na ng'ambo Mama Rehema anashuka ku maji, gunia mgongoni, viatu mkononi, mukaba wangu kifuani.

"Usiingie!" nikapiga kelele. "Rehema! Toa mukaba!"

Maji yalikuwa na sauti kuliko minye. Akatuona, akapunga viatu. Wamama wakapiga kelele, wanaume wakapiga kelele, korali ikapiga kelele kwa sauti zake zote nne, na Mama Rehema akaona watu wa majoho meupe wamejaa ku mto pamoja na mchungaji wao, akadhani tumekuja kubatiza. (Alituambia baadaye.) Akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima, akasogea kidogo chini ili asitusumbue, mahali ambapo maji ni mengi zaidi, akaweka mguu wa pili.

Wanaume wawili wakaanza kuingia, lakini mto ni mpana pale, na yeye alikuwa ameshafika ku magoti.

Kwetu, mama mzee akifungua kikwembe chake mbele ya muntu, huo si mchezo na si joto. Ni laana. Muntu anayefunguliwa kikwembe na mzee anasimama pale alipo, hata kama alikuwa anakimbia risasi, juu akipiga hatua moja mbele maisha yake imekwisha. Sikuwahi kufanya. Mama yangu, aliyeonewa na watu wengi, hakuwahi kufanya. Pasta amehubiri mara ngapi kwamba ni kazi ya shetani, na minye nilikuwa nikiitika Amina kwa sauti kuliko wote.

Nikafungua. Nikakiinua kikwembe juu na mikono miwili, nikamgeukia Mama Rehema, nikabaki na jipo, sketi ya ndani, ya zamani, yenye kiraka cha gunia la unga wa ngano nyuma, maandishi bado yanasomeka. Kelele zote zikakatika. Korali ikanyamaza mara moja, kitu ambacho mwalimu wao hajawahi kukipata. Pasta akageuka kuangalia milima.

Mama Rehema akasimama. Tabasamu likatoka usoni. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, hatoi macho ku kikwembe changu, mpaka akatoka ku maji, akaanguka magoti ku mchanga, gunia likaegama ku ukingo nyuma yake. Feza akamuonyesha kwa mikono, gusa pale kifuani, pale. Akagusa. Bukle ikafunguka, bila shaka, juu ukingo ulikuwa umeinua. Akautupa mukaba mbali kama nyoka, akaanza kulia, na hata bila kusikia niliona mdomo wake unasema, nimefanya nini, Koko, nimefanya nini.

Watu wengine wanasema angevuka tu, mto haukuwa mkubwa sana, Koko Esta alijivua nguo bure. Inawezekana. Minye sikutaka kuona jibu.

Maji yaliposhuka, wanaume wakamvusha, mikono mitupu. Hakukubali kunikaribia. Ilibidi nifunge kikwembe mbele yake, fundo mbili, nipige magoti ku mchanga, nimuombe msamaha minye kwake, na bado siku mbili baadaye bwana yake alikuja nyumbani na wazee watatu kuuliza bibi yake alinikosea nini, nikalazimika kuwaeleza bukle toka mwanzo, kadirisha, kachuma, kinu, na wanaume wanne wanatikisa kichwa kama wanaelewa. Pasta naye aliniondoa ku kiti cha mbele kwa sababu ya kikwembe. Nimekaa nyuma sasa, karibu na Mama Sifa, na kila wakati wa sadaka ananigusa na kiwiko: "Ukihitaji mtu wa kuinua, niko hapa, Koko."

Mukaba umebadilika. Ni Feza alisema tuondoe kachuma. Sasa kifuani kuko vitanzi viwili vya chuma vinavyoingiliana, na msumari laini wa chuma unaopita katikati, msumari uko na kamba fupi. Ukivuta kamba, msumari unatoka, vitanzi vinaachana, mzigo unaanguka, uwe unavuta ama hauvuti. Kashindi aliichonga mara tatu, juu mara mbili za kwanza Feza alizirudisha. Tuliijaribu mu maji ya ku magoti, mzigo mgongoni, tumesimama, tumechuchumaa, tumeanguka kwa ubavu. Mwenye kuanguka mara nyingi alikuwa minye. Niliomba mwenyewe. Mama Sifa alikuja kuangalia, akakaa ku jiwe na miguu yake mu maji, akahesabu kwa sauti.

Nimechoka, lakini nimejiwekea sheria. Kitu cha kuvaliwa na muntu, nitakivua kwanza mwenyewe, mzigo ukiwa unanivuta, ndipo nikisifu. Na mukamwana akiniuliza jambo, nitajibu swali, sitajibu muulizaji. Mukaba mpya Mama Rehema anauvaa, amenisamehe, tunasalimiana vizuri. Ni kwamba tu tukikutana ku njia, kabla hajasema "Jambo, Koko", anaangalia kwanza mikono yangu iko wapi.